Barua Mbili, Mashine ya Tatu

Raimo anastaafu Ijumaa.
Mashine ya tatu itabaki bila msimamizi.
Nimekaa ofisini, theluji imeziba nusu ya dirisha,
mbele yangu mafaili mawili: moja jembamba, moja nene.

Jembamba ni la Tuulikki.
Miaka kumi na tisa, ukurasa mmoja.
Hakuandika kwamba rola ikianza kuugua
yeye huisikia kabla ya taa nyekundu,
akiwa kantini, kijiko mdomoni.
Nani huandika hayo? Yanajulikana.
Na yanayojulikana hayana kisanduku kwenye fomu.

Nene ni la Eetu Salmela, wa Tampere.
Tulimtembeza kiwandani, akauliza jambo moja tu:
"Mbona kila asubuhi mnazima mashine
saa kumi na mbili na dakika kumi?"
Tukatazamana.
Raimo ndiye aliyekumbuka: garimoshi
lilikuwa likipita saa hiyo,
sakafu ikitetemeka, karatasi ikikatika.
Reli iling'olewa nikiwa darasa la tano.
Miaka yote hii tunalipigia saluti
garimoshi lisilokuwepo.

Mkurugenzi akasema, kipya kinyemi,
akaishia hapo, methali haikumfaa kuimaliza.
Mhasibu akasema wa ndani ni nafuu:
hatangazwi, hahamishwi, hafundishwi njia ya chooni.
Nikamjibu: ukimpandisha Tuulikki, nani akae pake?
Ukimweka Jorma, nani pa Jorma?
Pengo halizibwi, linashuka ngazi
moja moja hadi getini,
na getini tutamkuta mgeni vilevile.

Niliipenda hoja hiyo nilipokuwa naisema.

Tumemchukua Eetu.

Sasa najua wasichotwambia kwenye semina:
mtu wa mbali ukimkataa, stempu inatosha.
Wa ndani unamkataa kwa mkono wako,
na kesho kabla hakujapambazuka
atapita mlango uleule,
atakung'uta theluji kwenye mkeka uleule,
nawe utatafuta salamu usiipate.

Tuulikki aliisoma amesimama, glavu kwapani.
Akaikunja mara nne, polepole,
karatasi yetu wenyewe, gramu themanini,
huenda ya zamu yake.
Akaitia mfukoni.
"Anavaa kiatu namba ngapi?" akauliza.
"Stoo huchelewa kuagiza."