Burandweti

Ofisi ya vitambulisho, Chumbageni, dirisha la tatu.
Kijana anagonga kalamu: "Jina la ukoo?"
Namtajia. Anacheka.
"Dada, hilo jina au dawa ya mende?"
Nalirudia herufi moja moja,
kama mtu anayechambua mchele mbele ya mkwe.

Babu mzaa babu alishuka Tanga na kibati shingoni,
manamba kutoka Kasulu, miguu imevimba.
Karani wa shamba, daftari gotini: "Wa nani wewe?"
Kiswahili cha babu kilikuwa na umri wa siku nne.
Akadhani anaulizwa mkonge atakaoukata ni wa nani.
"Wa Burandweti," akajibu, kwa adabu.
Wino ukakauka.
Ni hivyo tu. Hakuna aliyeolewa na Mzungu,
msinikague pua.

Mwaka juzi niliandika barua Uingereza.
Akanijibu bibi mmoja, mwandiko unatetemeka:
jina lilikuwa la kijiji kabla ya kuwa la watu,
na maana yake, kwa lugha iliyokwisha kufa,
ni mahali palipofyekwa msitu, pakachomwa, pakalimwa.
Kijiji chenyewe sasa ni malisho ya kondoo.
"Tumebaki watatu, na hatuna watoto.
Ninyi mko wangapi?"

Nilisomea barua ile uani, Pongwe,
baba akimenya muhogo kando yangu,
vidole vyake vina alama za miiba tangu ujana.
Palipofyekwa.
Nikamtafsiria. Akauliza, bila kuinua kisu:
"Na aliyefyeka, wamemwandika?"

Arobaini ya shangazi Mwanaidi, barabara ya kumi na nne,
nilituhesabu, toka sufuria hadi sufuria:
golikipa wa Muheza, fundi wa majokofu,
mwalimu wa chuo aliyelifupisha akajiita Weti,
pacha wanaogombea paja la kuku.
Sitini na mmoja.
Nikamwandikia bibi: sitini na mmoja, na mwingine yu tumboni.
Hajajibu. Pengine wamebaki wawili.

Kitu kimoja sikumwandikia.
Babu alikuja na jina lake, kabla ya daftari.
Baba anakumbuka lilianzia *Nta*,
halafu linamponyoka, anakohoa, anaomba maji.

"Dada," kijana ananiita dirishani,
foleni nyuma yangu inasonya,
"nimekosea, nafuta. Hebu sema tena:
linaanza na nini?"