Jina Lililokatwa

Ivalo, Desemba. Huku jua halichomozi,
na wewe uliyezoea kuhesabu saa tangu kupambazuke,
saa moja ya asubuhi ungeifunga kwenye nini?
Wenyeji huishi kwa kuambiwa.
Mashine huiambia mashine, nayo huiambia nyingine,
sekunde ikipokezanwa kama ndoo iliyojaa pomoni,
na kila mkono humwaga kidogo.

Usiku huo, katika maabara ya zahanati,
Ilpo Kuusela aliona damu iliyotolewa
dakika nne kabla mgonjwa hajafika.
Karatasi haikuona haya.
Ilisema hivyo hivyo, kwa wino mweusi.

Akafungua programu ya kulinganisha saa.
Safu ya kwanza, majina ya seva:
aika-pohjoinen-
aika-pohjoinen-
Pacha, wamekatwa shingo penye kistari kilekile,
kwa kuwa mtu fulani, mwaka fulani,
alikadiria kwamba jina la mtoa saa
halitazidi herufi kumi na tano.

Safu ya pili: huyu naye humsikiliza nani?
Namba nne, nukta katikati,
umbo la anwani, mwendo wa anwani, kanzu ya anwani.
Akabisha hodi. Kimya.
Akabisha mpaka saa nane za usiku,
akampigia simu mlinzi wa ghala la kompyuta kule Kemi,
naye akaapa kwamba mashine ya namba hiyo hawana,
hawajapata kuwa nayo,
na je, Ilpo amekula?

Haikuwa anwani.
Anwani yenyewe ilikuwa ya mtindo mpya, ndefu kuliko kisanduku,
basi programu ikaisaga,
ikachota kijiko kimoja cha unga
na kukianika kana kwamba ni punje.
Ilpo alikuwa amepanda unga usiku kucha.

Akamwandikia mtunzi wa programu, Helka Lumme, kule Turku:
*Sikuombi saa iliyo sahihi zaidi.
Nionyeshe tu nani ananidanganya.*

Helka aliisoma mara mbili, chai ikapoa.
Mwenzake, Torvald, akapinga:
skrini ina upana wake, majina yakirefuka
jedwali litapinda.
"Lipinde," alisema Helka.

Ikamchukua wiki tatu, nyingi zikiwa za kubishana.
Majina yakatoka mazima, marefu, yakisukuma safu pembeni
kama wageni wenye mizigo.
Na ule unga ukaandikwa kama unga,
herufi na tarakimu zilizochanganyika, bila nukta za kuazima,
mtu asije akaubishia hodi tena.

Januari, Ilpo akasoma:
aika-pohjoinen-keskus
aika-pohjoinen-kellari

Kellari. Chini ya ngazi. Chini ya kiti chake.
Na unga nao ulikuwa umesagwa kutoka humo humo.
Alishuka na tochi, akasogeza koleo za theluji,
akaikuta, vumbi limeifunika, taa yake ya kijani ikipepesa,
imebaki nyuma dakika nne na haijui,
ikimgawia kila aliyeuliza
kwa moyo mkunjufu kabisa.
Hakuweza kuikasirikia. Aliifuta kwanza, ndipo akaizima.

Alipopanda, jua lilikuwa limetoa ukucha mmoja
juu ya misonobari, likaurudisha.
Muuguzi Aune akauliza saa ngapi.
Ilpo akamjibu,
kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya,
akataja na aliyemwambia.