Mchanga au Kokoto

Nje ya nyumba iliyokwama kwenye linta,
hapa Mamboleo, kuna vichuguu viwili:
kokoto za lori moja, na mchanga wa Nyando
ambao kuku wa Rispa amekwisha kuchimbia kiota.

Adoyo ameleta fulu watatu kutoka Dunga
ndani ya dumu la mafuta ya kupikia.
Tangi tumeliunda kwa vioo vya madirisha
ambayo bado hayana kuta.
"Baba, chini tuweke nini?"

Nikasema kokoto. Hazitibui maji,
ukizisuuza mara mbili zimetakata.
Sikumwambia kwamba mchanga
nauwekea plasta.

Siku ya nne maji yakaanza kunuka.
Chakula kilikuwa kimejificha kati ya mawe,
kikioza taratibu kama ahadi ya fundi.
Fulu dume aliinama, akagonga jiwe kwa mdomo,
akarudi nyuma.
Akagonga tena palepale.

Basi nikachota karai moja, moja tu.
Tukauosha uani, mimi na Adoyo:
maji ya kwanza chai ya maziwa,
ya tano kama ya kuoshea mchele,
ya tisa tukaviona vidole vyetu.

Sasa fulu ameshuka. Anajaza kinywa,
anatafuna, punje zinamvuja matamvuani,
anatema pembeni, anarudi.
Shimo lake ni la duara, dogo kuliko kisahani.

Adoyo amelala kifudifudi, shavu kwenye kioo.
"Huyu kahamia," ananong'ona.

Natoka kwenda kuhesabu mifuko ya saruji.
Ni ileile minne. Mmoja umeshikwa na unyevu.