Kidole cha Shahada

Mashine ya kusainia bumu imenikataa.
Taa nyekundu: jaribu tena.
Nafuta gumba kwenye kanga, najaribu tena.
Foleni nyuma yangu inaguna.
"Weka cha shahada," anasema ofisa.
Naweka cha shahada.
Cha shahada hakina alama.

Mtu mmoja anacheka, wala si kwa ubaya.
Hata mimi ningecheka,
ningekuwa nimelala.

Ofisa anakigeuza kiganja changu kuelekea dirishani.
Kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi.
Anatazama weusi uliokaa kwenye mistari,
ngozi inayobanduka kama karatasi ya peremende.
"Dada, unafanya kazi gani?"
Nilitaka kumjibu: mwanafunzi,
mwaka wa pili, Ualimu, Hisabati na Jiografia.
Vidole vilishanitangulia.

Saa mbili usiku, Mangamba, zamu yangu huanza.
Mguu kwenye pedali, korosho katikati ya meno ya chuma,
ka.
Nyingine. Ka.
Ganda likipasuka hutema mafuta yake,
na mafuta ya ganda hayaulizi unasoma nini.
Mama Nandonde, jirani yangu wa benchi,
hunisogezea kopo la majivu:
"Paka, mwanangu, usione haya.
Ngozi haina mkopo."
Nzima ina bei yake, kipande nusu ya hiyo,
ndiyo maana usiku kucha hakuna anayepiga soga.

Jana Dokta Libaba alituuliza, somo la uwezekano:
ukichota korosho mia kwenye gunia bila kuchagua,
ukazibangua, ngapi zitatoka nzima?
Darasa zima likatazama dari.
Mimi jibu nilikuwa nalo, kwenye kucha.
Nikajiandaa kunyoosha mkono.
Nilipoamka ubao ulikuwa umefutwa,
na Somoe Mchopa ameshanisainia mahudhurio
kwa mkono wa kushoto,
ili mwandiko ufanane, ati, na usingizi wangu.

Mama hupiga simu Jumapili kutoka Kitangari.
"Unakula?" Nakula.
"Unasoma?" Nasoma.
Nami nikimuuliza malipo ya mnada:
"Bado. Stakabadhi ya ghala ninayo,
nimeiweka ndani ya msahafu."
Hajui ninakolala usiku, yaani nisikolala.
Anadhani nafundisha watoto tuisheni.
Zipo siku hufika gunia lenye vumbi jekundu la kwetu,
basi hubangua polepole kidogo,
kwa adabu,
maana magunia hayaandikwi majina ya akina mama.

"Pumzisha vidole siku saba," anasema ofisa,
"alama zitarudi."
Siku saba! Napiga hesabu palepale, midomo inacheza:
ili nilipwe, niache kazi;
ili niache kazi, nilipwe.
Hata Dokta Libaba angelifuta swali hili
akaturuhusu tukanywe chai.

Nyuma wameanza kupiga miluzi.
Ofisa anashusha pumzi. "Haya, vyote kumi. Kimoja kimoja."
Cha kati. Cha pete. Nyekundu, nyekundu.
Wa kushoto: nyekundu, nyekundu,
nyekundu, na nyekundu.
Kisha kile cha mwisho kabisa,
ambacho usiku hukaa pembeni kimejikunja,
hakishiki korosho, hakishiki kalamu,
hakijawahi kunisaidia kitu tangu nizaliwe.

Kijani.
Jina langu linatokea kwenye kioo, lote, mpaka la babu:
Bihawa Saidi Nampoto.
"Kumbe upo," anasema ofisa.

Nimetoka nje. Jua la Shangani kali, saa tano kasoro.
Nina jaribio saa nane, na zamu saa mbili.
Leo usiku nitakifunga kitambaa.