Kengele ya Mlangoni

Saa nne usiku, Februari, Tartu.
Theluji imeziba nusu ya dirisha la jikoni
na Kalju amebonyeza kitufe mara ya kumi na moja.
Mimi ndiye ninayehesabu. Yeye amekwisha acha.

Hakuna. Si mwanga, si mlio, si hata ile harufu
ya kitu kinachoungua, ambayo angalau ni jibu.
Sanduku jeusi limekaa juu ya meza yetu ya kulia,
limejitia hamnazo.

Siku tatu aliliunda.
Aliufunga ubao mama kwa skrubu tisa, mojamoja,
akavua sweta ya sufu kwa kuogopa cheche za mwilini,
akabaki na fulana katika baridi ile,
akishika bomba la maji kila baada ya dakika tano
kama mtu anayeapa.

Miaka thelathini na minne alitengeneza matrekta.
Trekta, anasema, likikataa hukuambia:
hukohoa, hutoa moshi, hukutukana.
Hili limekufa kikondoo.

“Umechomeka plagi?” nikauliza.
Akanipa jicho lile la ndoa ndefu.
Kisha, nilipogeuka kuosha vikombe,
nikasikia magoti yake yakilia: anainama kuangalia.

Tukaanza upya. Swichi ya nyuma: imewashwa.
Soketi: tukaijaribu kwa kibaniko cha mkate,
kikawaka, tukala kipande kimoja kila mtu.
Waya mnene wa pini ishirini na nne
akaung'oa, akaurudisha mpaka ukalia ka.
Ule wa kichakataji, uliojificha pembeni: upo.
Vijiti vya kumbukumbu akavitoa vyote viwili,
akarudisha kimoja. Hakuna. Akarudisha cha pili.
Hakuna.
Akanyoosha klipu ya karatasi, akaunganisha
tundu la kijani na tundu la weusi,
na feni ya kisanduku cha umeme ikazunguka.
“Moyo mzima,” akasema. “Basi anaumwa wapi?”

Kabatini kuna kanda mia mbili na kumi na mbili
ndani ya maboksi ya viatu: bundi wa Järvselja,
korongo wa alfajiri, ndege mmoja
aliyeimba dakika nne mwaka themanini na moja
na hakurudi. Kanda zinachubuka.
Masikio yake nayo. Sauti nyembamba hazisikii tena,
hunitazama mimi mdomoni
ajue kama ndege bado analia.

Saa saba akaniomba bisibisi ya miwani yangu.
Akachomoa nyaya mbili za kitufe,
akagusisha ncha kwenye pini mbili zilizobaki uchi,
mguso tu, kama unavyoonja chumvi.

Feni tatu zikavuta pumzi.

Kompyuta nzima! Kitufe ndicho kilichokuwa maiti,
kitu cha senti hamsini.
Usiku kucha tumemshuku mwenye nyumba kuwa amekufa,
kumbe mlango ndio bubu.

Kingine kingechukua wiki mbili kufika.
Kalju akafungua droo ya misumari
akatoa kengele ya mlangoni kwa mama yake,
nyumba ya mtaa wa Tähe, iliyobomolewa.
Aliifungua skrubu asubuhi ile, tingatinga likingoja.
Nikamuuliza ya nini. “Itafaa,” alisema.
Kigae cheupe, pete ya shaba,
katikati pamelika kwa vidole vya watu,
na kimojawapo changu: miaka ishirini na miwili,
keki mkononi, nikimwogopa Leida
hata kabla hajafungua.

Akalehemu nyaya. Mikono haikutetemeka.
“Bonyeza wewe,” akasema,
akaenda kuchukua boksi la kwanza.

Nikabonyeza nilivyobonyeza siku ile,
mara moja, kwa ufupi.
Ndani kukaitikia.
Nikajikuta nimerudi nyuma hatua moja,
ninapangusa miguu
juu ya zulia la jikoni kwangu.