Maji ya Lushinge

Mara ya kwanza nilipanda kwa Lushinge na kila kitu:
deni la sukari la mwaka juzi,
mbuzi wake aliyetafuna kanga yangu,
na sauti iliyosikika Mabatini nzima.
Naye akatoa ya kwake. Tukarushiana.
Maji ya bafu lake yakazidi kuteremka jiweni
hadi jikoni kwangu, hayana habari na sisi.

Juzi nimepanda tena, ngazi sabini na mbili.
Nikakaa kwanza nipumue;
mwenye pumzi fupi huazima matusi.
Nikasema: unadhani nataka ubomoe bafu.
Unadhani, kwa kuwa ulitangulia kujenga, jiwe ni lako.
"Hasa," akasema, kisha akasita.
Hakuzoea kuyasikia maneno yake kinywani mwangu
bila kubanwa pua.

Sitaki ubomoe. Na kweli ulitangulia.
Ila tazama.
Nikamwaga kikombe cha maji mlangoni pake,
tukayasindikiza kwa macho, wote wawili,
mpaka kwenye sufuria yangu ya dagaa.
Chini kabisa lilikuwa ziwa, maji yote yale,
nasi tunagombea ndoo.

"Na mvua? Mvua nayo naituma mimi?"
Hapo umenipata, nikamwambia.
Ya mvua nitachimba mimi. Ya sabuni, wewe.

Hakusema sawa. Alisema atafikiri,
akafunga mlango polepole kuliko desturi yake.

Leo alfajiri nimesikia sururu.
Sijui ni mfereji au ni bafu la pili.
Yule mbuzi bado sijamsamehe,
lakini mbuzi ni kesi nyingine,
ina siku yake ya kupanda ngazi.