Blanketi

Isyonje, Julai. Ukungu umefika kizingitini,
nami namvua Subilaga sweta.

Mama mkwe ananitazama kama namuuza mjukuu wake.
Blanketi kalikumbatia, tayari.

Nesi alisema, wiki ile ya chanjo ya surua:
atachemka kidogo, baadaye. Usimgubike.
Maji, ziwa, dawa kwa kipimo chake,
si kijiko cha chai.

Thelathini na nane nukta mbili.
Ananyonya. Anakigombania kipimajoto,
anataka kukila.
Mgonjwa mwenye ugomvi si mgonjwa sana, najiambia,
na bado nahesabu pumzi.

Alfajiri nashtuka: nimepitiwa.
Blanketi liko juu yangu mimi.
Mama mkwe, macho mekundu,
kaushika unyayo wa mtoto kiganjani.
"Umepoa," anasema,
kama anayekiri deni.